Mzinga wa Kumi na Saba

Vipimo vilikuja kama wageni wa msiba:
vinne kwa mkupuo, kisha kimya,
kisha kimoja mlangoni, kinahema, kinaomba radhi.
Saa tatu na dakika mbili. Na nne. Na tano.
Na tano tena.
Halafu hakuna kitu mpaka dakika ya hamsini na moja.

Kipima joto tulikifunga Februari
juu ya mtundu, njia ya Sikonge,
mahali ambapo mtandao hupatikana
ukisimama kwenye kichuguu na kuelekea kaskazini.
Mihambo alipanda, mimi nilishika ngazi.
Aliumwa mara sita, hakuhesabu.
Mimi nilihesabu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Ofisi ya ushirika iko Tabora mjini, nyuma ya stesheni,
na feni yake huzunguka umeme ukipenda.
Napanga ndoo ishirini na nne kwenye kioo,
si za asali, ni za saa,
na kila kipimo nakimimina katika ndoo yake.
Jumlisha, gawa kwa idadi.
Mtoto wa darasa la nne angemaliza kabla ya uji.

Ila saa zenyewe hazielewani.
Mashine imeandika sita, saa za Uingereza.
Simu yangu inasema tisa.
Kalunde, mwenye mzinga, anasema tatu,
na ni yeye tu aliyekuwapo.
Nikaongeza tatu, nikatoa sita,
nikafika nyumbani kwa Kalunde kwa kuzunguka dunia.

Haya. Vinne vinasema thelathini na tano,
joto la mama anayelea.
Cha mwisho kinasema ishirini na sita.
Programu ikatafuna, ikatema:
thelathini na tatu nukta mbili.
Mzinga mzima wa afya!
Waliopiga kelele ndani ya dakika tatu
wamehesabiwa watu wanne,
na aliyebeba peke yake kimya cha dakika arobaini na sita
amehesabiwa mmoja.
Nimeona mikutano ya ushirika ikiamuliwa hivyohivyo.

Nikaandika upya. Kila kipimo kipewe uzito
wa dakika kilizozilinda,
na kati ya viwili nivute mstari ulionyooka
kama kamba ya kuanikia kanga.
Thelathini nukta mbili.
Afadhali. Lakini bado ni uongo wa adabu,
maana nyuki hawaondoki kwa mstari ulionyooka.

Kalunde alipiga simu jioni, salio likikaribia kuisha:
"Wamehama. Saa tatu na robo.
Wamepita juu ya karanga zangu wakinguruma kama lori,
nikainama, jembe mkononi."
Saa tatu na robo.
Katikati kabisa ya kamba yangu, hakuna nukta hapo.

Saa ya nne haina kipimo hata kimoja.
Programu inataka kuweka sifuri.
Sifuri ni barafu, bwana,
Sikonge haijapata kuwa hivyo.
Nimeiacha tupu.
Mwenyekiti kaja kuchungulia begani:
"Grafu ina shimo. Wafadhili wanakuja Alhamisi."
Nikamwambia shimo ni la kweli kuliko vyote vilivyolizunguka.
Akaguna, akaenda kutafuta chai.

Pembeni nimeongeza safu ya maneno.
Mashine haiwezi kuyajumlisha, wala haiwezi kuyagawa:
*walihama, saa tatu na robo, amesema Kalunde.*

Mihambo anaulizia ngazi na nta ya kupaka mlango,
labda kundi lingine litapita mvua zikianza.
Na kipima joto, tangu jana,
kinatuma kila baada ya dakika kumi, hakikosi hata mara moja,
kinapanda na jua, kinashuka na jua,
kama mwanafunzi aliyewahi darasani
siku ambayo shule imefungwa.